Kuitafuta Sonona Ndani ya Fuvu

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Wayne Drevets na wenzake wa Marekani kuhusu kipande kidogo cha gamba la ubongo kilichojificha nyuma ya paji la uso, pale pande mbili za ubongo zinapoelekeana. Waliandika kwamba kwa wagonjwa wa sonona waliotoka katika familia zenye historia ya ugonjwa huo, kipande hicho kilikuwa kidogo kwa asilimia 48 kuliko kwa watu wasiougua. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la watafiti linaloitwa ENIGMA liliunganisha vipimo vya MRI vya wagonjwa 1,728 na vya watu 7,199 wasiougua, likapima sehemu za ndani kabisa za ubongo, na tofauti iliyosimama imara ilikuwa moja: hipokampasi ya wagonjwa, kwa wastani, ilikuwa ndogo kwa asilimia 1.24. Sehemu hizo mbili si moja, wala hazikupimwa kwa njia moja, kwa hiyo haifai kusema kwamba namba ya kwanza ilishuka ikawa ya pili. Hata hivyo, anayesoma tafiti zilizotoka kati ya miaka hiyo atauona mwelekeo uleule ukijirudia. Kadiri watu waliopimwa walivyoongezeka, ndivyo madai kuhusu sonona katika ubongo yalivyopungua. Nadai kwamba kupungua huko ndiyo hatua kubwa kuliko zote ambayo sayansi hii imepiga. Madai mazito yalitoka kwa waliotazama watu wachache, au waliotazama watu wasiowafahamu wala kuwasikiliza. Ukweli mdogo ulio imara ulitoka kwa waliokubali kuhesabu wengi.

Kabla ya mashine, ubongo wa mgonjwa wa akili ulionekana baada ya kifo tu. Eksirei iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895 ilionyesha mfupa wa fuvu, lakini ubongo wenyewe, ambao ni laini, haukuacha kivuli cha maana. Mwaka 1919 Walter Dandy wa Baltimore alieleza njia ya kuingiza hewa mahali pa maji yanayozunguka ubongo ili vyumba vyake vionekane kwenye eksirei; kilikuwa kipimo chenye maumivu makali ya kichwa na hatari zake. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon alipiga picha za mishipa ya damu ya ubongo baada ya kuichoma dawa inayoonekana kwa eksirei. Huyo huyo Moniz, mwaka 1935, alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili, wakiwemo waliokuwa na huzuni kuu isiyotibika, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Upasuaji huo haukutokana na picha yoyote iliyoonyesha kasoro pale alipokata. Alikuwa na dhana, akaikata ndani ya vichwa vya watu. Mkono uliwahi kufika mahali ambapo jicho lilikuwa bado halijafika.

Dhana hiyo ya sehemu ya mbele ya ubongo ilifika Nairobi, na hapa historia hii inatuhusu kwa karibu. Hospitali ya Mathari ilikuwa imefunguliwa mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari aliyeisimamia, alihubiri kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ina upungufu wa kuzaliwa nao. Mwenzake F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia, alipima ubongo wa Waafrika waliofariki na mwaka 1934 akachapisha makala katika jarida la anatomia la Uingereza akidai kwamba ubongo huo ni mdogo na gamba lake ni jembamba kuliko la Mzungu. Lishe ya watu hao utotoni, maradhi yaliyowaua, na uchache wao mbele ya mamilioni waliodaiwa kuwawakilisha havikupewa uzito uliostahili. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyeshika uongozi wa Mathari mwaka 1938. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana kitabia na Mzungu aliyekatwa nyuzi za mbele za ubongo, na akapendekeza kwamba huenda Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Ndani ya hoja zake lilikuwamo dai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Ubongo usiotumia sehemu ya mbele, kwa mantiki yake, haubebi lawama wala majuto ya kutosha kumwangusha mtu.

Ushahidi wa Carothers ulikuwa daftari la waliolazwa hospitalini, na kosa lilianzia hapo. Mtu wa miaka hiyo hakupelekwa Mathari kwa sababu ana huzuni. Alipelekwa kwa sababu amefanya fujo, amemjeruhi mtu, au ametembea uchi sokoni hadi polisi au ofisa wa wilaya akaingilia. Mama aliyekaa kimya jikoni miezi mitatu, asiyekula wala kulala, hakumsumbua ofisa yeyote, kwa hiyo hakuingia kwenye daftari. Waliokwenda kumtafuta alipokuwa walimkuta. Margaret Field, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alieleza wanawake wengi wa vijijini Ghana waliofika kwenye vilinge vya waganga wakiwa na dalili zote za sonona, pamoja na kujilaumu kuliko kawaida. Mwaka 1968 Raymond Prince, aliyefanya kazi Nigeria, alionyesha jinsi taarifa za kitabibu kutoka Afrika zilivyogeuka ghafla, kutoka sonona adimu hadi sonona ya kawaida, ndani ya miaka michache ambayo haitoshi kubadili ubongo wa mtu yeyote. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona nyingi kuliko iliyopatikana kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London kwa mahojiano ya aina ileile. Frantz Fanon alikuwa amekwisha kumjibu Carothers kisiasa katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wahojaji wa vijijini walimjibu kwa takwimu. Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha umbo la kosa ambalo mashine za baadaye hazikuliondoa: wachache waliopatikana kwa njia iliyopinda wanafanywa wawakilishi wa wote, halafu ubongo unaitwa kutoa maelezo ya jambo ambalo halijathibitishwa kuwepo.

Wakati Carothers akiandika, Marekani ilikuwa na mtu mwenye tahadhari zaidi. Seymour Kety, pamoja na Carl Schmidt, alibuni katikati ya miaka ya 1940 njia ya kupima damu inayopita kwenye ubongo wote wa mtu aliye hai, kwa kumvutisha gesi ya naitrasi oksaidi kidogo na kulinganisha damu inayoingia na inayotoka. Alipowapima wagonjwa wa skizofrenia, jumla ya damu yao haikutofautiana na ya watu wengine. Lilikuwa jibu la hapana, na alilichapisha. Kutokana nalo watafiti walielewa kwamba kama kuna tofauti itatafutwa mahali mahususi ndani ya ubongo, na njia ya kuona mahali haikuwepo bado. Ilipokuja, sehemu ya hesabu yake ilizaliwa Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, alifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur akisimamia matumizi ya mionzi, na akajiuliza jinsi ya kujua uzito wa kila nukta ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Alichapisha jibu lake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyelisoma. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifika palepale kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipimwa kwa CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

CT ilionyesha umbo, na kwa sonona umbo halikusema mengi. Kilichowavuta watafiti wa sonona kilikuwa PET, iliyojengwa na Michel Ter-Pogossian, Michael Phelps na Edward Hoffman kule St. Louis katikati ya miaka ya 1970. Mgonjwa huchomwa sukari iliyobandikwa florini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya takriban dakika 110. Seli inayofanya kazi zaidi hunyonya sukari zaidi, na mashine hukamata miale inayotoka kwa jozi ili kujua sukari imekwama wapi. Sasa ubongo wa mtu mwenye sonona ulionekana ukifanya kazi. Lewis Baxter na wenzake wa Los Angeles, katika makala za mwaka 1985 na 1989, waliripoti kwamba sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto hutumia sukari kidogo kwa watu wenye sonona, hata kama sonona hiyo imeambatana na magonjwa tofauti, na kwamba hali hupanda wanapopata nafuu. Picha za rangi kutoka maabara kama hiyo, bluu kwa mgonjwa na nyekundu kwa mzima, zilisambaa katika vitabu na magazeti. Rangi hizo huchaguliwa na mtafiti, hazimo ndani ya kichwa. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa ghali na kilihitaji mashine ya kutengeneza mionzi karibu na hospitali, makundi mengi ya wakati huo yalikuwa ya watu kumi, kumi na tano, mara chache zaidi.

Kipande kile kidogo cha Drevets kinafundisha jinsi picha inavyohitaji msomaji makini. Mwanzoni PET ilionyesha kwamba kinafanya kazi chini ya kiwango kwa wagonjwa. Kisha MRI ikaonyesha kwamba kipande chenyewe ni kidogo. Mashine ya PET haioni vitu vidogo sawasawa. Nyama ikipungua, mwanga wake huchanganyika na wa jirani na kuonekana hafifu. Hesabu iliporekebishwa kwa ajili ya upungufu huo, nyama iliyobaki ilionekana kufanya kazi kupita kawaida. Yaani picha ileile ilisomwa kwanza kama uvivu wa eneo hilo, baadaye kama bidii iliyozidi. Mwaka 1998 Dost Öngür, Drevets na Joseph Price walipochunguza ubongo wa waliofariki, walikuta kwamba zilizopungua pale ni seli za glia zinazozihudumia seli za neva, na si seli za neva zenyewe. Jambo hilo hakuna mashine ya picha ambayo ingeliona.

Helen Mayberg alilifuata eneo hilo hilo kwa swali bora zaidi. Katika utafiti wa mwaka 1999 aliwaomba watu wasiougua wakumbuke mambo ya kuhuzunisha, akaona damu ikiongezeka katika eneo hilo na kupungua katika gamba la mbele la juu. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipona mambo yaligeuka: la chini lilitulia, la juu likaamka. Swali lake lilihusu maeneo yanayosukumana, na nadhani hapo fikra za fani nzima zilikua, kwa sababu sonona ilianza kutazamwa kama hitilafu ya mtandao badala ya kidonda kilichokaa mahali fulani. Mwaka 2005, kule Toronto, yeye na daktari mpasuaji Andres Lozano waliwawekea wagonjwa sita walioshindikana kwa tiba zote elektrodi nyembamba karibu na eneo hilo, na wanne walipata nafuu kubwa hadi miezi sita. Habari hizo zilienea duniani kote. Jaribio kubwa lililofuata, lenye wagonjwa 90, lilichapishwa mwaka 2017: baada ya miezi sita, asilimia 20 ya waliowashiwa umeme walikuwa wamepata nafuu ya kiwango kilichowekwa, na asilimia 17 ya ambao umeme wao ulikuwa umezimwa bila wao kujua. Tofauti hiyo haina uzito wa kitakwimu. Walipofuatiliwa hadi miaka miwili, umeme ukiwa umewashwa kwa wote, takriban nusu walipata nafuu, na hilo si dogo kwa watu waliokuwa wamekata tamaa, ingawa bila kundi la kulinganisha haliwezi kuthibitisha mengi. Sita walitoa tumaini na tisini wakatoa kipimo chake.

Njia ya hipokampasi nayo inapita Kenya. Kati ya mwaka 1984 na 1986, katika kituo cha utafiti wa nyani nchini humo, tumbili kadhaa waliokamatwa porini walikufa wakiwa na vidonda vingi vya tumbo. Ilionekana walikuwa wanyonge wa makundi yao, walioonewa na wenzao bila pa kukimbilia. Hideo Uno na wenzake, wakiwemo M. A. Suleman na Robert Sapolsky, walichunguza ubongo wao na mwaka 1989 wakachapisha kwamba seli za hipokampasi zilikuwa zimeharibika. Sapolsky alikuwa tayari akitetea hoja kwamba homoni za dhiki zikizidi kwa muda mrefu huidhuru sehemu hiyo. Tumbili hao walifungua mlango kwa binadamu. Mwaka 1996 Yvette Sheline wa St. Louis alipima kwa MRI wanawake kumi waliowahi kuugua sonona mara kwa mara na kumi wasiowahi kuugua. Hipokampasi za kundi la kwanza zilikuwa ndogo. Mwaka 1999 akaongeza kwamba ndogo zaidi walikuwa nazo waliougua siku nyingi zaidi, hata umri ukizingatiwa. Maelezo yalionekana kukamilika: dhiki huleta homoni, homoni hula hipokampasi, hipokampasi hupungua.

Hayakukamilika. Stockmeier na wenzake, katika uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuta kwamba katika hipokampasi za wagonjwa wa sonona seli zilikuwa zimesongamana, kana kwamba kilichopungua ni nyuzi na nafasi kati yake. Kwa tumbili wa Kenya seli zenyewe zilikuwa zimekufa; kwa binadamu jambo lilikuwa tofauti, na huenda lenye kurudishika. Halafu likaja swali la kipi kilitangulia. Mwaka 2002 Mark Gilbertson na wenzake walipima mapacha wa kufanana ambao mmoja alipigana vita vya Vietnam na mwingine alibaki nyumbani. Ugonjwa wao ulikuwa kiwewe cha vita, jirani wa sonona. Ndugu wa nyumbani wa askari aliyeugua sana naye alikuwa na hipokampasi ndogo, ingawa hakuona vita. Kwa baadhi ya watu, basi, udogo huo hutangulia ugonjwa na huenda ukauandalia njia. ENIGMA nao walikuta kwamba tofauti ilikuwa kwa waliougua zaidi ya mara moja na kwa walioanza kuugua wakiwa vijana, na haikuonekana kwa walio katika ugonjwa wa mara ya kwanza. Hilo linakubaliana na dhana kwamba ugonjwa huacha alama kadiri unavyorudi, lakini linakubaliana pia na dhana kwamba wenye ubongo wa aina fulani ndio ambao ugonjwa huwarudia. Picha ya siku moja haiwezi kuamua kati ya hizo mbili.

Njia iliyofuata ilirahisisha kazi kupita kiasi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa alionyesha kwamba damu iliyotoa oksijeni yake huvuruga sumaku kidogo, na kufikia mwaka 1992 maabara kadhaa zilikuwa zinafuatilia kazi ya ubongo wa binadamu kwa MRI bila sindano ya mionzi. Kila chuo chenye mashine kiliweza kuwapima watu ishirini wenye sonona na kuandika makala. Makala zilimiminika: amigdala inayoshtuka kupita kiasi kwa nyuso za huzuni, gamba la mbele lililozubaa, mtandao wa mawazo ya ndani usiozimika. Kisha watu wa takwimu wakadai hesabu yao. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na kwa hesabu isiyosahihishwa wakapata "kazi ya ubongo". Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walionyesha kwamba programu zilizotumiwa na maelfu ya watafiti zingeweza, kwa mipangilio fulani, kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70 ya mara. Mwaka 2017 Veronika Müller na wenzake walikusanya tafiti 57 za sonona zenye majaribio 99 na wagonjwa 1,058, wakatafuta maeneo ya ubongo ambayo zinakubaliana. Hawakupata hata moja.

Pigo zito kuliko hilo lilikuja mwaka 2022. Nils Winter na wenzake wa Ujerumani waliwapima watu 1,809, wagonjwa na wasiougua, kwa karibu kila aina ya MRI, umbo na kazi, na kuuliza swali ambalo mgonjwa angeuliza: je, ukitazama ubongo wa mtu mmoja unaweza kusema ana sonona? Makundi mawili yaliingiliana kwa asilimia 87 hadi 95. Kipimo kimoja kimoja, hata kilicho bora, kilibashiri kwa usahihi wa asilimia 54 hadi 56, mahali ambapo kubahatisha tu kungeleta 50. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, kwa tofauti kubwa mara nyingi kuliko hii, na bado hakuna anayetumia kimo cha mtu kuandika jinsia yake katika cheti. Tofauti ya wastani inaweza kuwa ya kweli na ikawa haina kazi mlangoni kwa daktari.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni nzito: sonona si ugonjwa mmoja. Asiyelala na anayelala mchana kutwa, asiyekula na anayekula bila kipimo, wote huandikiwa jina hilo, na ukiwachanganya wastani wao utakuwa sifuri hata kama kila aina ina alama yake dhahiri. Nakubali kwamba hilo linawezekana. Lakini lilijaribiwa. Mwaka 2017 Andrew Drysdale na wenzake walitangaza katika Nature Medicine aina nne za sonona zilizotambuliwa kwa mawasiliano ya sehemu za ubongo, wakitumia watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 2019 Richard Dinga na wenzake walirudia njia hiyo kwa wagonjwa wengine, na ushahidi wa kutegemeka wa aina hizo haukujitokeza. Dhana ya aina nyingi inaweza bado kuwa sahihi. Atakayeithibitisha itambidi apime watu wengi na kuwarudia tena mahali pengine, masharti yaleyale yaliyopunguza madai ya waliomtangulia.

Hoja ya pili husema kwamba kama namba zimepungua hivi, basi kazi yote ya miaka arobaini ni bure na fedha zilipotea. Sikubaliani nayo hata kidogo. Ramani ya Mayberg, ya eneo la chini na la juu yanayosukumana, ndiyo iliyomwongoza Michael Fox mwaka 2012 kuonyesha kwamba tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu hufanya kazi vizuri zaidi inapolenga nukta ya gamba la mbele inayopingana na eneo lile la ndani. Tiba hiyo ipo, inatumika, na mpango wake wa haraka uliobuniwa Stanford uliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2022. Picha imesaidia kujua pa kulenga. Kujua nani anaumwa ni kazi nyingine, na wanaolaumu fani hii mara nyingi huzichanganya kazi hizo mbili, kama walivyozichanganya wale walioisifu kupita kiasi.

Hoja ya tatu hutoka kwa wagonjwa wenyewe na familia zao, na ndiyo inayonigusa zaidi. Wanasema: tupeni picha, kwa sababu bila picha tunaambiwa ni uvivu, ni udhaifu wa imani, ni kurogwa, ni kujidekeza. Ubongo wenye doa la bluu humnyamazisha shemeji anayecheka. Naielewa haja hiyo. Lakini heshima iliyokopwa kwa picha hurudishwa kwa riba siku picha inapotoka safi, na kwa walio wengi itatoka safi. Aliyeambiwa kwamba ugonjwa ni halali kwa sababu unaonekana ataambiwa kesho kwamba si halali kwa sababu hauonekani. Mathari ya Carothers inatukumbusha pia kwamba maelezo ya ubongo hayaji na huruma mfukoni. Yalitumika kusema kwamba watu fulani hawana hata uwezo wa kuhuzunika sawasawa.

Ushahidi kwamba ugonjwa huu ni wa kweli na unatibika bila kamera ya aina yoyote tunao jirani. Paul Bolton na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walikwenda vijijini Masaka na Rakai nchini Uganda. Kwanza waliwauliza wanavijiji wenyewe wanavyoueleza ugonjwa huo, kisha wakawagawa wagonjwa kwa vijiji: vijiji vingine vikapata vikao vya kila wiki vya mazungumzo ya kikundi, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Kabla ya vikao, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walitimiza vigezo vya sonona, na asilimia 94 ya waliosubiri. Baadaye zilikuwa asilimia 6.5 na asilimia 54.7. Sijui kipimo cha picha chenye tofauti ya ukubwa huo katika historia yote niliyoieleza.

Linabaki dai moja ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kulitoa. Mkusanyiko wa ENIGMA wa mwaka 2016 haukuwa na mgonjwa hata mmoja aliyepimwa Kenya, Tanzania au Uganda. Wastani unaoitwa wa binadamu ulitengenezwa bila sisi, na Nairobi inajua ubaya wa kupimwa na wastani wa wengine. Mashine zinazidi kuwa nafuu: mwaka 2022 MRI ya sumaku ndogo iliunganishwa papohapo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, kwa ajili hasa ya watoto wenye maji kichwani. Watafiti wetu watakapoanza kuzitumia kwa sonona, waanze na mamia, wawaache wagonjwa wazungumze kwanza, na wachapishe hata jibu la hapana kama alivyofanya Kety.

Kwa mgonjwa wa leo jambo ni jepesi zaidi. Daktari anaweza kuagiza CT au MRI ili kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe, kiharusi au maradhi mengine yanayojificha nyuma ya huzuni, na hapo kipimo kina haki yake. Sonona yenyewe hujulikana kwa kuulizwa: usingizi, hamu ya chakula, nguvu, matumaini, mawazo ya kujiua. Dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9 lipo kwa Kiswahili na limejaribiwa Tanzania na Kenya. Ukiambiwa ulipie picha ya ubongo ili ijulikane kama una sonona, uliza itabadilisha nini katika tiba yako, na kama hupewi jibu, ihifadhi fedha hiyo kwa nauli ya kurudi kliniki wiki ijayo.